Zimwi Lililobisha Hodi

Juzi tukisubiri treni stesheni ya Manyoni, bibi mmoja alikuwa akimsimulia mjukuu wake jinsi zimwi lilivyomtafuna mtoto mpaka kucha zake. Karani wa afisa wa wilaya, Bwana Shauri, kaptula yake imepigwa pasi ikanyooka, akaingilia.

"Shikamoo, bibi. Hadithi hiyo inatisha watoto. Sema zimwi lilibisha hodi, mtoto akafungua, wakala ugali pamoja."

"Marahaba. Alifungua bila kuuliza ni nani?"

"Lilikuwa zimwi jema, bibi."

Bibi akamtazama karani kuanzia viatu hadi kofia, kisha akamgeukia mjukuu.

"Umesikia? Hiyo ndiyo hadithi ambayo zimwi lenyewe huwasimulia watoto."

Mtoto akahamia upande wa pili wa bibi yake. Nami, mtu mzima mwenye watoto wanne, niliyekaa karibu na karani, nikasogeza mzigo wangu kidogo mbali naye.