Senene za Pakiti Ninazomletea Mama kwa Siri

Admin, nifichie jina tafadhali, binamu yangu yumo humu kwenye page. Mimi ni binti wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, tunaishi Nyanga hapa Bukoba. Mbele za watu siongei, ila kuandika naweza, kwa hiyo nivumilieni.

Mama yangu ana presha. Mwaka huu akaja kuishi nasi binti wa mama mkubwa kutoka Muleba, ndiye huyo binamu, nimwite Koku. Mama yake alipata kiharusi akafariki, na tangu hapo Koku hanunui kitu cha dukani bila kugeuza pakiti asome nyuma. "Sodium ndiyo chumvi hiyo hiyo," anasema, "na hii juisi ni sukari imepakwa rangi ya embe." Viungo vya pakiti vikatoka kwetu, soseji zikatoka, biskuti zikatoka. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, anaunga kwa nyanya chungu na vitunguu tu.

Jamani, anapika vizuri. Hapo ndipo panaponiuma. Zamani mama akitoka sokoni aliuliza, "Mwanangu umetupikia nini?" Siku hizi anaanzia mlangoni, "Koku waitu, kipenzi, njoo unipokee!" Wageni wakija anawaambia, "Huyu ndiye daktari wangu." Mimi nimesimama pale pale na sinia. Shangazi akauliza, "Na huyu je?" Mama akasema, "Huyu? Huyu ni bubu wangu." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Basi siku moja mama akanifuata migombani nikikata majani ya kufunikia chakula. Akaninong'oneza, "Niletee zile senene za pakiti, zenye chumvi kali. Koku asijue, atanihubiria." Koku humkaangia senene, panzi wetu wa msimu, bila chumvi, mama anasema ni kama kutafuna mabua. Nikaleta. Tukala wawili nyuma ya jiko, akanisimulia alivyokuwa akikimbiza senene utotoni, akaniegemea begani kwa kicheko. Sikumbuki mara ya mwisho mama kucheka nami hivyo. Sasa ndiyo kawaida yetu, na juisi juu yake. Pakiti tupu nazifukia mimi.

Msidhani sisomi. Kiingereza nakijua, nyuma ya pakiti nimeona. Kuna duka lina senene zenye chumvi kidogo, nikamletea. Akaonja, akanirudishia mkononi: "Hizi si za Koku hizi?" Jina hilo tu likanitosha. Nikarudi kununua zile kali.

Juzi kliniki presha ilikuwa juu sana. Nesi akauliza nani anapika nyumbani. Koku akanyoosha mkono kama yuko darasani, akasemwa mbele ya watu. Tulipofika nyumbani akalia, "Mdogo wangu, kwa mama yangu ilianza hivi hivi. Sijui nakosea wapi." Mungu anisamehe, kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi kwamba angalau mara moja daktari wa mama amekosea. Mama akanifinya vidole chini ya kanga.

Nikisema, Koku atazidi kuwa mwana wa nyumba hii, na mama hataniita tena nyuma ya jiko. Nikinyamaza, naogopa hata kumalizia sentensi. Hivi ninavyoandika mama ameshaniita mara mbili, anataka niwahi dukani kabla Koku hajarudi kutoka kanisani. Dada zangu, mama zangu mliomo humu, niambieni upesi: nikimkatalia, nimwambie maneno gani ili bado anipende?