Mistari ya Katani Tumboni mwa Anti Mwende

Katika utoto wangu kule Kithimani, katani haikukosekana nyumbani. Wazazi wangu walikuwa kazini Nairobi, nami nililelewa na mama yake baba, ambaye sote tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Kila alipokaa, Susu alisokota. Aliweka nyuzi mbili juu ya paja, akazibiringisha kwa kiganja hadi zikawa uzi mmoja, na uzi ule ukaingia kwenye kiondo, kikapu alichokuwa akikisuka. Paja lake la kulia lilikuwa laini kuliko la kushoto kwa sababu ya kazi hiyo, na mimi nilidhani wanawake wote wameumbwa vile.

Sheria ya katani ilikuwa moja, na haikujadiliwa: mwenye mimba hasokoti. Akisokota, nyuzi huhama kutoka pajani zikajichora tumboni, na ndani, mahali asipopaona mtu, kamba ya kitovu nayo hujizungusha shingoni mwa mtoto. Mistari ya nje ndiyo inayotoa habari ya ndani. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na sikuona ajabu yoyote.

Anti Mwende, mke wa baba mdogo, aliolewa kwetu kutoka Ekalakala nilipokuwa na miaka tisa hivi. Mumewe alichonga mawe kwenye machimbo ya Lukenya na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumbani tulikuwa wanawake peke yetu, ukinihesabu na mimi. Anti alimshinda Susu kwa kusuka, jambo ambalo Susu alilikubali huku amenuna. Miezi ile ya kwanza alikuwa akimsukia mama yake kiondo kikubwa, cheusi na kahawia, bila kujua kwamba tayari ana mimba. Alipojua, aliacha. Kiondo kilikuwa kimebakiza mdomo tu.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, ngozi ikaanza kumwasha. Susu alikuwa akimpaka mafuta ya mbarika tumboni alipoiona michirizi: myembamba, ya zambarau, imepanda kutoka chini ya tumbo, mmoja kando ya mwingine. Mkono wake ukasimama.

"Mwende, ulisokota?"

"Kabla nijue, mwaitu," Anti akajibu, maana ndivyo alivyomwita mama mkwe wake. "Kidogo tu."

Susu hakupiga kelele, na ningependelea angepiga. Alifunika chupa ya mafuta akasema kiondo kile kifumuliwe chote, na kila uzi usokotolewe mpaka urudi kuwa katani. La sivyo mtoto atazaliwa amenyongwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, nami nikatumwa kumsindikiza. Nesi, mama mnene aliyeongea haraka, alilitazama tumbo akacheka kidogo.

"Hii ni ngozi inavutika tu, mama. Mtoto anakua, ngozi inachelewa. Mama yako ako nazo?"

"Ako nazo."

"Basi umetoa huko. Paka mafuta ndio isikuwashe sana, lakini usitegemee zitafutika. Ukishazaa zitafifia, ziwe nyeupe-nyeupe, zibaki hivyo. Mtoto hana shida."

Tulirudi nyumbani tukitembea kwa furaha, na Anti akamweleza Susu yote bila kuacha neno. Susu alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo nesi anajua ngozi," akasema. "Mimi najua kamba."

Anti akachukua kiondo akaanza kufumua. Sidhani aliacha kumwamini nesi. Alipiga hesabu ambayo mama yeyote angeipiga: akifumua na nesi yuko sahihi, atapoteza kiondo tu; asipofumua na Susu yuko sahihi, atapoteza mtoto. Tulifumua alasiri baada ya alasiri, mimi nikivuta nyuzi, yeye akizisokotoa pajani kwa kuzirudisha nyuma. Kazi ya kuharibu ilikuwa ngumu kuliko ya kusuka. Ilipokwisha tulikuwa na rundo la katani iliyojikunja, isiyofaa hata kufungia mbuzi.

Lakini michirizi haikukoma. Ilipanda hadi ikakizunguka kitovu, na hapo ndipo Anti alipoogopa kwelikweli. Alikuwa ametii kila alichoambiwa, na bado mistari ilipanda. Akawa anakaa kwenye kizingiti na viganja vyote tumboni, akingoja mtoto acheze. Mtoto akichelewa, aliniita niweke mkono wangu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Ukweli?"

Nilikuwa nasikia kweli, na bado aliuliza tena. Nilimhurumia sana, ingawa huruma ya mtoto haina mahali pa kwenda.

Alijifungua msichana, hospitalini, shingo yake haina kitu. Susu alimpokea mjukuu, akamkagua, akatuangalia sote. "Si nilisema tufumue?" Hakuna aliyembishia. Anti alizaa wengine baadaye, na michirizi yake ikafifia kama nesi alivyosema. Ila katani hakuigusa tena, hata miaka ambayo hakuwa na mimba. Mama yake kule Ekalakala hakupata kiondo.

Kwa muda mrefu nilimhukumu Susu kwa hilo. Nilimwona kama mzee aliyeshindwa na nesi akakataa kukubali. Halafu nikapata mimba yangu ya kwanza. Nilienda kumwona, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemwishia nguvu, ikawa zamu yangu kumwogesha. Sikuwahi kuliona tumbo lake kabla ya hapo. Lilikuwa limejaa michirizi, myeupe, ya zamani, kutoka nyonga hadi mbavu.

"Susu, wewe pia ulisokota?"

"Sikusokota hata uzi mmoja. Mama ya babu yako angenifukuza."

"Na hizi?"

"Zilikuja tu. Mimba zote."

"Basi ulijua si katani."

Alingoja nimalize kumsugua mgongo. "Wa pili alitoka na kamba shingoni," akasema. "Alikuwa mvulana, na hakulia. Sikuwa nimesokota, na alitoka hivyo. Sasa ningemwambia Mwende nini? Akae tu, angoje?"

Nilimfuta, nikamvalisha, na kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwa miezi bila kumwambia mtu, nikamuuliza, "Na mimi, unanikataza nini?"

Alilitazama tumbo langu kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta cha kunikataza.

"Usijikune," akasema.

Mimba yangu ilibakiza wiki chache, na tumbo liliwasha vibaya. Sikujikuna hata mara moja.