Neno Nililoliongeza Kibaoni

Kra-kra-kra, kisha kimya, kisha vicheko. Mpaka leo naisikia cherehani ya binti wa mama yangu mdogo, ng'ambo ya njia pale Msambweni, na vicheko vya wanawake nyuma ya pazia lake. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga kama yake. Lakini yake haikupumzika, na kila ilipolia nilihisi yanishona mimi, hapa kifuani.

Mimi na yeye tulifunzwa kushona na mjomba wetu, fundi wa siku nyingi ambaye macho yalikuwa yameanza kumchoka. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru kila mtu alikuwa na ndoto, na yangu haikuwa ndogo: nitamshonea kila mtu, wake kwa waume, mpaka wakata miwa wa Ramisi. Tulipofungua baraza zetu, kila mmoja alitundika kibao. Mimi niliandika FUNDI, basi. Mwenzangu akaandika FUNDI WA KIKE. Nilimcheka.

"Dadangu, kwani mpishi huandika kwenye sufuria kwamba ni mwanamke?"

"Ngoja uone, shoga," akasema.

Nikaona. Kwetu mwanamke wa heshima hakupimwa na fundi mwanamume. Alijipima nyumbani kwa uzi, akapiga fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu, kisha uzi ukapelekwa na bibi kizee. Kibao cha mwenzangu kiliwaambia waje wenyewe. Walikuja, wakavua mabuibui nyuma ya pazia, wakapimwa kwa futi, wakanywa na chai. Mimi nikaletewa nyuzi! Kina mama wa upande wa msikitini walikuwa wamesikia tu kwamba kuna fundi mpya, wakadhani ni mwanamume.

"Mjukuu wangu, fundi yuko?" bibi mmoja aliniuliza.

"Shikamoo, bibi. Fundi ndiye mimi."

"Marahaba. Haya, akirudi mpe uzi huu."

Nilishona kwa mafundo yale, na fundo likiteleza kidogo tu, gauni hurudi limebana. Kule ng'ambo wanacheka, kra-kra-kra.

Siku moja, nikiwa kisimani, alikuja karani mmoja mtu wa bara. Alikuwa akitafuta fundi wa kushona kaptula za kaki za kundi lake la wakata miwa. Alimkuta mjomba amekaa barazani kwangu, akadhani ndiye fundi, akampa kipande cha kaki: ishonwe moja ya mfano, na akirudi Jumamosi akaipenda, ataleta majora mazima ya kitambaa. Mjomba aliponieleza nilirukaruka kama mtoto. Niliishona kaptula ile siku mbili. Mishono yake nilifumua na kurudia mpaka hata mimi nikaionea fahari. Ndoto yangu ilikuwa pale, imekunjwa mezani.

Lakini Ijumaa mwenzangu aliletewa nguo za bi harusi. Nyumba nzima ilikuja na hariri zao na vigelegele. Mimi nilikaa na nyuzi zangu tatu mapajani. Wivu ule, jamani, uliniinua kitini. Nilitafuta rangi ya buluu iliyobaki ya mlango, nikaongeza kibaoni: WA KIKE. Nililisukumiza neno mpaka ukingoni kwa kukosa nafasi.

Asubuhi yake karani akaja. Aliigeuza kaptula ndani nje, akavuta mishono.

"Mzee, hii ni kazi!" akamwambia mjomba.

"Si yangu. Siku hizi hata tundu la sindano silioni. Ameshona mpwa wangu huyu."

Karani akainua macho, akasoma kibao polepole. "Fundi wa kike," akasema. "Aa, mzee. Vijana wangu watanicheka. Kaptula ya mwanamume ishonwe na msichana?"

Mimi, mwenye mdomo siku zote, niligeuka nikakitazama kibao changu. Sauti ikatoka ng'ambo ya njia. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, sindano kinywani, kanga begani.

"Bwana karani, hiyo uliyoisifu sasa hivi imeshageuka gauni?"

Watu waliokuwa njiani wakaangua kicheko. Hata mjomba alicheka. Karani aliiweka kaptula mezani, akasema atafikiria, akapanda baiskeli yake. Hakurudi tena.

Alinitetea, nami niliyaonea wivu hata maneno yake. Mbona hayakunijia mimi? Neno lile lile lililomjazia pazia yeye, mimi lilinifungia njia ya Ramisi. Au labda halikunifungia. Mjomba hakuwa mtu wa kusema uongo, na karani angejua tu. Sijui. Najua kwamba kaptula ilikuwa nzuri kabla hajainua macho.

Mwenzangu aliponiita nikanywe chai, nilimwambia kichwa chauma. Mjomba alikwenda kuswali adhuhuri. Nikabaki peke yangu barazani. Nilishusha kibao kwenye msumari, nikakiegemeza ukutani, maandishi yakiangalia udongo. Kisha nikaichukua kaptula, nikaikung'uta, nikaitundika kwenye msumari ule ule, mbele nje, watu wapitao waione mishono.