Wapagazi Wasio na Kituo

Mnisamehe wasomaji, mwandiko wangu umepinda na herufi nyingine nazikosea. Naandika polepole.

Leo mdogo wangu amefuta kibao chake cha kuandikia kwa mate, na harufu ile ya jiwe lililolowa imenirudisha darasani.

Mwalimu wetu, mtu wa pwani, alichoshwa na maandishi yetu yasiyo na vituo, wala nukta wala mkato. Akatuambia kila mmoja achore kibaoni picha ya kitu kinachofanana na maandishi ya namna hiyo. Moja angeichagua ichorwe ukutani. Nilitaka sana iwe yangu, ila niliogopa kuulizwa maana yake.

Jirani yangu alichora mbuzi waliotoroka zizini. Mimi nilichora wapagazi wenye mizigo kichwani, wamefuatana kutoka ukingo hadi ukingo wa kibao.

"Mbona hawa hawana kambi?" Mwalimu akauliza.

Nikainama.

"Sema basi, au umemeza ulimi?" jirani yangu akanichokoza.

"Ni safari ya baba, Mwalimu. Walivushwa nyika ile kavu bila kituo. Ulifika mzigo wake tu, yeye hakufika."

Mwalimu akanipa kipande cha mkaa, akanisogeza ukutani. Nilipomaliza kuchora, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba ni yupi?"

Nikamwonyesha.

"Mwekee kituo mbele yake, apumzike."

Niliibonyeza ile nukta mpaka mkaa ukavunjika.

Uliyesoma hadi hapa, niandikie walau mstari mmoja. Ninyi mlifundishwa vituo kwa picha gani?