Kengele ya Mama Mkwe

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika darasa la Mikono Nyuma, kitu anachokiona kabla ya kompyuta ni mikono ya mwalimu mwenyewe. Huifunga mgongoni, mmoja umeukamata mwenzake, kama askari aliyemkamata mwizi na anasubiri gari la polisi. Hutembea hivyo kati ya meza kwa saa mbili, Jumanne na Alhamisi jioni, na hajawahi kugusa kibodi ya mwanafunzi. Jina hilo alipewa na wanafunzi. La kuzaliwa wengi hawalijui, wala hawajaliulizia.

Mchana huandika programu katika kampuni inayosambaza vitanda vya hospitali. Jioni hufundisha watu ambao hawajawahi kuandika programu, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Chumba kina kompyuta nane. Sita zinafanya kazi. Mbili ni za kukalia mbele yake wakati wa kusubiri zile sita.

Anaamini kwamba mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi kibodi huwa amejifundisha mwenyewe kwa mara nyingine. Anaamini pia kwamba kosa halifichwi. Aliyekosea hulisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu.

"Umekosea," alimwambia fundi viatu, mwanafunzi wa meza ya kwanza. "Safi. Soma."

"Mstari wa sita. Mabano hayajafungwa."

"Yafunge."

"Mwalimu, hapa nimekosea mara nyingi kuliko nilivyokosea katika ndoa."

"Ndoa haikupi namba ya mstari," alijibu Mikono Nyuma, akaendelea na safari yake.

Utaratibu huo ulikwenda vizuri kwa miaka mitatu, mpaka mama mkwe wake alipojiandikisha.

Mama mkwe ni karani wa shule ya msingi. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyepiga kengele, yaani kipande cha chuma kilichoning'inizwa nje ya ofisi, na kwa muda wote huo hakuwahi kuchelewesha kipindi. Muhula huu shule ilifungiwa kengele ya umeme iliyounganishwa na kompyuta ya ofisini. Mwalimu Mkuu alimwita, akamwambia kwa heshima zote kwamba karani wa sasa lazima aimudu kompyuta. Alimpa wiki sita aandike programu ya kuiliza kengele. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa kijana mwenye cheti, na yeye angestaafishwa akapumzike. Alikuwa amebakiza miaka mitatu. Kupumzika aliwahi kukujaribu mara moja, alipovunjika mguu, na hakukupenda.

Shida ilikuwa ya mkwewe. Katika miaka tisa ya ndoa Mikono Nyuma hajawahi kumpinga mama huyo kwa lolote. Nyumbani kwake hukaa kwenye ncha ya kiti. Aliwahi kuambiwa na mama huyo kwamba amekonda, wiki ileile aliyoongezeka kilo nne, akajibu, "Ni kweli, Mama." Sasa angemwambiaje mbele ya fundi viatu kwamba amekosea?

Akapata njia. Kompyuta ya mama mkwe ilipoonyesha kosa kwa maandishi mekundu, alisogea taratibu, akainama kidogo.

"Mama, mashine inaomba radhi. Inasema mstari wa nne haikuuona vizuri."

"Haina neno," alisema mama mkwe. "Mwambie nitamrudia."

Fundi viatu akageuka. "Mwalimu, mbona yangu haijawahi kuniomba radhi?"

"Yako ni ya zamani."

Wiki zikapita hivyo. Mama mkwe aliandika, mashine ikaomba radhi, naye akaisamehe. Jumanne ya wiki ya nne akaleta ratiba ya kengele kutoka ukutani mwa ofisi yake, akainakili katika programu kama ilivyo. Kuingia darasani, 1:30. Mapumziko, 4:30. Chakula cha mchana, 7:00. Kwenda nyumbani, 9:30, milio mitatu mirefu.

Mikono Nyuma alisimama nyuma yake, akaiona ile 1:30, akajua kosa lilipo. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kompyuta huanza usiku wa manane. Saa moja na nusu ya asubuhi kwake ni 7:30. Mama mkwe alikuwa na simu inayoonyesha saa hizohizo za kompyuta, na kila siku aliziangalia na kuzigeuza kichwani, bila kujua kwamba anazigeuza. Hapo ndipo ugumu wa kufundisha wanaoanza ulipo. Wasichokijua huuliza. Kile wanachokijua mpaka wamesahau kwamba wanakijua, hicho hawakiandiki.

"Mama," alisema, "mashine ina namna yake ya kuhesabu saa."

"Itazoea tu."

"Ni kweli, Mama."

Alhamisi ya wiki ya tano, baada ya masomo ya shule, mama mkwe aliiweka programu yake katika kompyuta ya ofisini na kuondoka. Ijumaa asubuhi mlinzi alimsubiri getini.

"Mama, kengele imelia saa saba na nusu usiku. Imenishtua usingi... imenishtua nikiwa macho kabisa. Ikalia tena kabla ya kuku."

Hawajamaliza kusalimiana, ikagonga saa moja, ikalia ya chakula. Watoto waliokuwa wanawasili walikwenda moja kwa moja kupanga foleni jikoni. Saa tatu na nusu ilitoa milio mitatu mirefu. Hakuna mwanafunzi aliyehoji. Walichukua mikoba yao, wakawaaga walimu kwa adabu, na kufikia saa nne kasorobo shule nzima ilibaki na walimu, chaki na mbuzi wa jirani.

"Jumatatu," alisema Mwalimu Mkuu. "Ikilia vibaya Jumatatu, kijana anaanza kazi Jumanne."

Jumamosi mama mkwe alifika nyumbani kwa binti yake akiwa na programu yote imeandikwa kwa mkono kwenye daftari. Akaliweka mezani.

"Mwalimu, leo mashine inasemaje?"

Mikono Nyuma alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anakata vitunguu, na uso wake ulisema kwamba hilo ni la watu wawili na yeye si mmoja wao.

"Mama," alisema, "umekosea."

Kisu jikoni kikanyamaza.

"Rudia."

"Umekosea, Mama. Mistari minne."

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Ya wiki hii?"

"Ya wiki iliyopita."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Yule fundi viatu unamwambia amekosea mara kumi kwa jioni moja. Leo ana programu inayomwambia kiatu kipi ni cha nani. Mimi unaniletea salamu za mashine! Unadhani ile nyekundu sikuiona? Nilikuwa nasubiri useme, mwanangu. Sasa kazi yangu inaondoka na wewe umekaa kwenye ncha ya kiti."

"Mwambie, Mama," alisema mkewe kutoka jikoni.

"Wewe kata vitunguu. Haya, Mwalimu, kosa ni lipi?"

Akamweleza. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu yake, akaitazama kwa muda mrefu kana kwamba imemficha jambo miaka yote. Kisha akavuta kompyuta ya mkwewe na kuongeza sita kila mahali.

"Na chakula cha mchana?"

"Kumi na tatu."

"Saa kumi na tatu! Mashine hii imelelewa wapi?" Lakini aliandika. Maandishi mekundu yakatokea.

"Umekosea, Mama," alisema Mikono Nyuma. "Safi. Soma."

"Mstari wa nane," alisoma mama mkwe. "Nimesahau nukta mbili."

Walifanya hivyo mpaka chakula kikapoa. Jumapili mama mkwe akaipeleka programu mpya kwenye kompyuta ya ofisini.

Jumatatu Mikono Nyuma aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini kwa saa moja. Alikuta ofisi ya shule imejaa. Mlinzi alikuwepo, akiwa na ushahidi kwamba usiku ulikuwa kimya. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, jicho kwenye saa ya mkononi. Nje watoto walijipanga uwanjani na mikoba mgongoni, tayari kwa lolote, nyumbani au darasani. Mama mkwe aliketi mbele ya kompyuta, mikono imekunjwa kifuani. Kwenye kioo ilisomeka 7:29.

"Mama, ulihifadhi yale mabadiliko ya mwisho?"

"Nyamaza, Mwalimu, unaipotezea hesabu."

Sekunde hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Ikafika 7:30, kengele ikalia, na watoto wakaingia darasani shingo upande.