Shingo ya Bibi Yeshimebet

Je, wewe umewahi kuionea haya shingo ya bibi yako? Usijibu upesi. Nyumbani kwetu Gondar tuliionea haya miaka mingi, na aliyeionea haya kuliko wote alikuwa mwenyewe.

Bibi Yeshimebet alichorwa shingo angali msichana, kijijini, na jirani mwenye sindano na masizi ya chungu. Mistari ilizunguka shingo kama shanga, na msalaba mdogo ukakaa kwenye paji la uso. Alilia, kisha akapewa kioo, akacheka. Enzi hizo msichana asiye na chale aliambiwa ana shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Babu mwenyewe alikuwa akisema aliiposa shingo kwanza, mwenye shingo akafuata.

Alipofiwa na mume alihamia mjini kwa binti yake, shangazi yangu Tirunesh, na huko watu wakamtazama. Watoto wa mtaa walimwita Mama wa Porini. Hapo ndipo netela, shuka letu jeupe la pamba, ilipopanda hadi kidevuni isishuke tena. Alioka injera, mkate wetu mwembamba, moshini huku netela imemkaba, jasho likimtiririka. Wakati fulani alijisugua paji kwa majivu na ndimu mpaka pakawa kidonda. Msalaba haukutoka, kovu likaongezeka juu yake. Hata maji ya baraka ya kanisani, ambayo wenzake huyaendea kwa ajili ya maumivu ya magoti, aliyakataa, maana pale lazima ujifunue.

Siku moja kabla ya harusi ya Meklit, binti wa shangazi, shangazi alileta gauni lenye kola ndefu na poda ya kupaka pajini. Alisema mpiga picha anatoka Addis Ababa na ukweni ni watu wa mjini. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Bibi alilikunja gauni taratibu, akasema yeye atakaa jikoni na wapika mchuzi.

"Na magoti, Mama?" shangazi akauliza. Kwetu maharusi hawatoki nyumbani kabla ya kubusu magoti ya wazee.

"Yako yapo, mwanangu. Bado mazuri."

Nikawaka. Niliihutubia sebule nzima: kwamba mzee si doa la kufunikwa, kwamba mwili uliolima na kuzaa haumwombi mtu radhi, kwamba sisi ndio tuliopaswa kujifunika nyuso. Niliyaamini yote, na bado nayaamini. Bibi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umesema vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Sasa niambie, wakicheka kesho, watacheka hotuba yako au shingo yangu?"

Akaenda kumenya vitunguu.

Asubuhi yake bwana harusi alifika na wapambe wake, wakaimbiwa mlangoni, wakazuiwa, wakaingia. Maharusi walibusu magoti ya wazee mmoja mmoja, wakafika kwenye kiti kitupu. Shangazi akanong'ona kwamba bibi anaumwa. Mzee mmoja wa ukweni akajibu kwa utulivu kwamba wao hawamchukui msichana ambaye mkubwa wa nyumba hajambariki.

Meklit akakusanya gauni lake jeupe, akaelekea jikoni. Tukamfuata sote, mpiga picha mbele. Meklit akapiga magoti juu ya maganda ya vitunguu. Bibi alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono yote miwili shingoni, ameikamata netela, macho chini kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

Meklit akabusu goti moja, kisha la pili, akabaki pale pale ameinamisha kichwa. Kwetu anayebusiwa magoti ndiye anayemwinua aliyeyabusu, na mtu hainuliwi kwa mkono mmoja. Mchuzi ulikuwa ukitokota.

Bibi akaiachia netela. Ikateleza mabegani, ikaanguka, shingo yote ikawa nje, mistari ya buluu ndani ya mikunjo ya uzee. Akamshika mjukuu wake kwa mikono miwili, akamwinua. Shangazi, uso umemwiva, akainama kuiokota netela.

"Iache," bibi akasema, bila kumtazama mtu. "Jikoni hapa pana joto."