Mafiga Yanakaa Enzi Gani?

Majuzi, kwenye saiba moja, duka la kompyuta na uchapishaji, hapa Machakos mjini, nilimkuta mama kutoka Kola niliyemfundisha zamani. Alikuwa akichapisha picha za kazi ya shule ya bintiye: chati ya historia ya binadamu, kutoka enzi ya mawe hadi leo. Picha zote alizipiga nyumbani kwake.

"Mwaitu, hii mafiga naweka enzi ya mawe?" akauliza mwenye saiba, akimwita mama kwa Kikamba huku akipanga picha kwenye kompyuta.

"Ya mawe? Si nimepikia uji hapo leo asubuhi!"

"Na jembe ni enzi ya chuma?"

"Hiyo nimelima nayo jana."

"Sasa, mwaitu, zote ni leo?"

Mama akashika shavu, akanigeukia. "Mwalimu, si wewe ulitufundisha enzi ya mawe iliisha? Nikiweka leo, mtoto si atakoseshwa?"

Niliyatazama mafiga yakifuka moshi kwenye skrini. Kweli nilifundisha hivyo, na waliojibu vingine niliwatia kalamu nyekundu.

"Weka leo," nikasema, bila uhakika.

Chati inasahihishwa Ijumaa. Binti akianguka, tutakuwa tumeanguka watatu.